Mruko wa Nyuma

Kiwanda cha karatasi kilipofungwa
Aulis hakununua kibanda ziwani kama wenzake.
Kiinua mgongo chote kiliishia kwenye gari jekundu la Kimarekani,
mitungi minane, mkono wa tatu,
na juu ya injini akafunga supachaja,
kama mtu anayemwongezea mlevi chupa ya pili.

Farasi mia saba, aliniambia.
Mimi ni dada yake. Kazi yangu kushika tochi.

Siku ya kwanza, kwenye uwanja wa ndege usiotumika nje ya Kouvola,
taa ikawa kijani, akaachia klachi,
na gari halikwenda.
Yaani lilikwenda, ila nyuma ilipagawa:
du-du-du-du-du,
magurudumu yakidunda lami kama sufuria zinazoporomoka ngazini,
kisha mlio mmoja mkavu, tak.
Ekseli ya kushoto, vipande viwili.
Ya pili tangu Mei.

Vijana kwenye foleni walicheka Kifini,
yaani kwa kutazama viatu vyao.

"Weka ekseli nene zaidi," alisema Jarkko wa duka la vipuri.
Kamba hukatikia pabovu, sawa,
lakini Aulis alitaka kumjua anayeivuta kwa kuishtua.

Miaka thelathini na moja alisikiliza roli za karatasi,
kiganja juu ya chuma, macho yamefumbwa,
akijua beringi ipi itaugua kufikia Alhamisi.
Akanipa simu yake. "Lala chini, Irmeli. Nipigie picha ya gurudumu, polepole kabisa."
Nikalala kwenye lami na miaka yangu hamsini na minane
na koti langu la kanisani.

Usiku tuliitazama jikoni, kahawa ikipoa.
Tairi linaishika lami, ubavu wake unafinyangika.
Bushi zinajisokota. Fremu inayobeba difu
inainama kama hamali chini ya gunia.
Kisha tairi linateleza, na vyote vinafyatuka,
halafu linashika tena,
linaachia tena,
mara kumi na mbili kwa sekunde.
"Umeona?"
"Nimeona tairi linaruka."
"Tairi halina kosa. Ni mpira. Unakopa nguvu kidogo kidogo,
halafu unalipa deni lote kwa kofi moja."

Januari, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
alizitoa bushi kuukuu kwa skrubu ndefu
na tusi moja kwa kila bushi.
Zilikuwa zimepasuka kama visigino.
Mpya zilikuwa za njano, ngumu kama kwato.
Akafunga shoki zisizoruhusu gurudumu kurudi kwa pupa.
Mwisho akaleta ekseli mbili, moja nene, moja nyembamba.
Nikadhani ameuziwa makosa.
"Zikilingana," alisema, "zitasokotwa pamoja, zitafunguka pamoja,
zitachocheana. Kiwandani hatukuweka pacha karibu na pacha."
Nikanyamaza, nikisogeza tochi.
Tangu mama afe, sisi wawili tulikuwa tukikasirika
siku moja, saa moja, kwa neno lilelile.

Mei nikalala tena kwenye lami.
Kijani. Gari likachuchumaa, likaondoka.

Nilichopiga ni picha ya gurudumu linalozunguka.
Hakuna kingine, wala mtikisiko.
Picha ya kuchosha kuliko zote nilizowahi kupiga;
Aulis aliitazama mara kumi na moja
na chapati ya viazi mkononi, bila kuila.

Sasa difu inaguna mpaka kwenye meno yetu.
Ule mpira mlaini ulikuwa ukitufichia mengi.
Redio hatuisikii, na barabara ya kwenda sokoni
inatuhesabia kila kokoto.
Anaendesha hivyo hivyo, ametabasamu nusu,
na mimi kando yake, ndani ya koti
lenye doa la lami ambalo hakuna sabuni iliyoliweza.